Shajara ya kompyuta ya nyumbani, Lamu: folda tusizozijua na picha za harusi zilizopotea

Mwanzo, kabla sijagusa kitu

Kazi yenyewe ni hii. Kompyuta ya nyumbani kwetu Mkomani, ile ya mezani, imerudi kutoka kwa fundi na Windows 10 mpya na haina picha hata moja. Ilikuwa haiwaki, fundi akaipiga Windows upya, akamkabidhi ami yangu, ami akaja nayo kwa hamali wa punda akafurahi inawaka vizuri, mpaka alipotaka kumuonyesha mgeni picha za harusi ya binti yake. Hakuna. Sauti za bibi akisoma kasida hakuna, hesabu za mashua hakuna, kazi za skuli za watoto hakuna. Nyumba nzima ikawa kama imefiwa, bibi mwenyewe hakusema kitu lakini alikaa kimya siku ile yote, na hizo sauti ndo pekee tulizonazo za wakati kifua chake kilikuwa bado kina nguvu.

Lakini kuna jambo moja halikuniingia akilini na ndo maana nimeanza hii shajara. Kama vitu vimefutwa, mbona diski C ni nyekundu, imejaa mpaka juu? Ni SSD (aina ya diski isiyozunguka) ya giga 128, kwenye Windows inaandikwa 119 kwa sababu wenye kutengeneza diski huhesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja kamili na Windows huhesabu 1024 mara 1024 mara 1024, hapo hakuna kilichoibiwa. Windows 10 yenyewe Microsoft wanataka diski ya giga 32 kwenda juu, sio zaidi ya mia. Basi ni nani anaekaa kwenye hizo giga nyengine zote? Kitu kipo mle ndani.

Mtoto wa ami, kijana wa fomu tatu, ashajua jibu lake: kuna video ameona, inasema futa hii folda na ile na ile, kompyuta itapumua. Nimemwambia ngoja kwanza. Sharti la huu mradi nimeliandika hapa juu ili kila mtu nyumbani alisome: hafuti mtu kitu mpaka tujue nani alikiweka na nani anakitumia.

Jioni ya kwanza: kuangalia tu

Nimefungua C na kwenye View nikatia alama ya Hidden items. Wengi hawajui kuwa Windows ina ngazi mbili za kuficha. Ya kwanza ni hii, ukiwasha zinatokea folda kama ProgramData na AppData, zinaonekana zimefifia rangi. Ya pili iko ndani zaidi kwenye Folder Options, wanaiita faili za sistimu zilizolindwa, na ukiifungua Windows inakupa onyo kabisa. Nyumba zetu za zamani za Lamu mgeni hukaa daka, anaejulikana huingia mpaka kiwanda, na kule ndani kabisa haingii mtu ila mwenye nyumba, na hakuna anaesema kule ndani kumefichwa uchafu. Nikaifungua hiyo ya pili kwa muda wa kuandika tu kilichomo halafu nikaifunga tena.

Nilichokiona kwenye C: $Recycle.Bin, found.000, inetpub, PerfLogs, Program Files, Program Files (x86), ProgramData, Recovery, System Volume Information, Users, Windows, na moja ambayo moyo ulinipiga nilipoisoma, Windows.old. Na mafaili mawili makubwa, pagefile.sys na hiberfil.sys.

Na kuna Documents and Settings, ina kamshale kadogo, ukibofya inakwambia huna ruhusa. Mtoto wa ami akaruka, "Ona! Virusi hii, hata haitaki kufunguka!" Nikamueleza. Zamani wakati wa Windows XP folda ya watu ilikuwa inaitwa hivo, ilipokuja Vista mwaka 2007 ikawa Users, sasa programu za zamani zilizozoea jina lile zingepotea njia, ikabidi waache kielekezo pale cha kuzipeleka kwenye Users. Haina kitu ndani na imefungwa makusudi. Ndani ya Users kuna vielekezo vyengine kama hivo, Application Data, Local Settings, My Documents, vyote hivohivo. Ukivilazimisha kufunguka hupati kitu kipya, na ukivifuta unaweza kuharibu programu za zamani.

PerfLogs ni ya kumbukumbu za utendaji wa mashine, karibu siku zote iko tupu. inetpub nayo iko tupu, na hii ina kisa. Mwezi wa Aprili 2025 apdeti ya Windows iliiweka kwenye kompyuta za watu ambao maisha yao hawajawahi kuendesha seva ya wavuti, manake ni folda ya seva hizo, watu wakaifuta kwa kuiona haina kazi, halafu Microsoft wakasema isifutwe, ni sehemu ya kuziba tundu la usalama, ata kama iko tupu iachwe ikae. Huo ndo mfano ninaomuonyesha huyu kijana kila akinyoosha mkono kwenye Delete. Folda tupu, isiyokula ata kilobaiti, na bado ina kazi.

Windows.old nikaklik kulia, Properties. Ikahesabu, ikahesabu, ikahesabu. Imeshika zaidi ya nusu ya diski. Nikafunga kompyuta nikaenda kuswali Isha nikiwa na matumaini.

Siku ya pili: Windows.old

Fundi hakufomati. Hili ndo la kushukuru. Ukiweka Windows upya juu ya ile ya zamani bila kufomati, mtambo huichukua Windows ya zamani pamoja na Users yake yote na kuitia kwenye folda moja inayoitwa Windows.old, halafu unaanza upya ukiona disktop tupu. Mtu akiona disktop tupu hudhani kila kitu kimekwenda.

Lakini kuna saa inayohesabu. Baada ya siku 10 Windows huifuta yenyewe, haikuulizi. Na njia ya mkato ya kuimaliza kabla ya hapo ni mtu kufuata video na kuifuta kwa mkono kwa sababu ni kubwa na jina lake linasema ya zamani. Kwenye ile video ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha! Nikamwita ami aje akae pembeni yangu.

C:\Windows.old\Users, halafu jina la ami. Ikasema huna ruhusa ya kuingia, nikabofya Continue, ikafikiri kidogo, ikafunguka. Huku kukataliwa kusimtishe mtu, faili zile ni za akaunti ya Windows iliyopita na hii mpya haiwatambui wenyewe, ukiwa ni admini unajipa ruhusa kwa hiyo Continue. Pictures. Ami akavaa miwani. Picha ya kwanza ikafunguka, bi harusi na hina mpaka viwikoni, ami akasema "Alhamdulillahi" mara tatu akanyanyuka kwenda kumwambia bibi, hakusubiri ata ya pili.

Sikutaka kuhamisha kwa kukata na kubandika. Kwenye kazi kama hii unakopi, hukati, ile ya asili inabaki pale mpaka uhakikishe. Na pia C imejaa huwezi kukopi humohumo, nikaazima diski ya nje kwa jirani, ikawa E. Nikafungua dirisha jeusi la komandi kwa admini nikaandika komandi ya robocopy, programu ya kukopi iliyomo ndani ya Windows:

robocopy C:\Windows.old\Users E:\Okoa /E /XJ /ZB /R:1 /W:1

Nieleze kwa nini hizo herufi manake mtu akiziacha anaweza kukesha. /E ni kuchukua folda zote na zilizo tupu. /XJ ni kuruka vile vielekezo nilivovisema, usipoiweka robocopy inaweza kuzunguka ndani ya Application Data inayorudi ndani ya Application Data bila mwisho. /ZB ni kuendelea pale ilipokatika, na ikikataliwa ruhusa itumie njia ya beki-apu. Na /R na /W ni za kujaribu tena, kawaida yake faili moja ikikataa itairudia mara milioni moja na kila mara inasubiri sekunde 30, kwa hiyo lazima uiwekee mpaka.

Stima ikakatika katikati. Hatuna yu-pi-es, ile betri ya akiba. Hapo ndo utaona faida, iliporudi nikaandika komandi ileile, zilizokwishafika ikaziruka ikaendelea na zilizobaki. Ningekuwa nimekokota kwa mausi ningelazimika kuanza kubahatisha ipi imefika na ipi imefika nusu.

Kumalizika nikalinganisha folda na folda, idadi ya faili na ukubwa, huku na kule. Zimelingana. Halafu nikafungua picha za hapa na pale, na sauti za bibi zote, moja baada ya nyengine mpaka mwisho, hizo sikukubali kuzibahatisha.

Madeni ya ami

Nilidhani kuokoa kumeisha. Ami akauliza kwa sauti ya chini, "Na zile karatasi za manjano?" Kumbe ami madeni ya watu aliowapa samaki kwa mkopo alikuwa akiyaandika kwenye Sticky Notes, zile karatasi za manjano za kwenye skrini, na hakuna mahali pengine popote alipoyaandika. Haziko kwenye Documents, haziko kwenye Desktop. Yeye anaona ziko usoni mwa kompyuta basi ziko palepale.

Hapa nataka watu wa nyumbani waelewe AppData ni nini. Ni folda iliyofichwa ndani ya folda ya kila mtumiaji na ina sehemu tatu, Local, LocalLow na Roaming. Programu huweka humo vitu vyake vya ndani, setingi, kumbukumbu, takataka za muda pia, na mara nyengine kazi yako wewe mwenyewe. Ndo maana nachukia ile shauri ya "futa AppData yote, ni cache tu", yaani ati ni vitu vya muda. Mle kuna uchafu kweli, lakini uchafu umekaa chumba kimoja na dhahabu.

Sticky Notes huweka kila kitu kwenye faili moja inaitwa plum.sqlite. Njia yake ni ndefu: AppData, Local, Packages, halafu Microsoft.MicrosoftStickyNotes_8wekyb3d8bbwe, halafu LocalState. Jina lile la katikati ndo aina ya majina yanayotisha watu, linafanana na kitu kibaya, kumbe ule mkia wa herufi unatokana na mchapishaji wa programu, na programu nyingi za Microsoft za aina hii zina mkia uleule. Ukijua hilo huogopi tena.

Nikafungua Sticky Notes kwenye Windows mpya mara moja ili itengeneze folda yake, nikaifunga kabisa, nikachukua plum.sqlite ya zamani kutoka Okoa pamoja na wenzake wawili walio na majina hayohayo yanayoishia -wal na -shm kama wapo, manake maandishi ya mwishomwisho huweza kuwa bado yamo kwenye -wal hayajaingia kwenye faili kubwa, nikaviweka kwenye LocalState mpya. Nikafungua. Zikatoka zote, na mistari yake, na majina na kiasi. Ami akaomba daftari palepale akaanza kuyanakili kwa kalamu, na mimi nikamuunga mkono. Madeni ya watu ni amana, yasikae mahali pamoja.

found.000

Hii niliiacha makusudi mpaka nipate utulivu. found.000 hutengenezwa na chkdsk, ile kazi ya kukagua diski inayojitokeza mashine ikizimika ghafla. Ikikuta vipande vya faili ambavyo havina jina wala folda, inavikusanya humo na kuviita FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Kwa hapa kwetu stima inavokatika hii folda ni ya kawaida, na nyumba nyingi wanayo bila kujua.

Haina haja ya kuwa siri. Unafungua kopi ya CHK kwa Notepad, hutasoma kitu, lakini angalia mwanzo kabisa: ukiona neno JFIF au Exif ni picha, ukiona PK ni zip au faili ya Word ya siku hizi, ukiona %PDF ni pidiefu. Unabadilisha mwisho wa jina kulingana na hivo. Nimepata picha kadhaa za ufukweni Shela ambazo hakuna anaekumbuka nani alizipiga, na moja imekatika nusu, chini ni kijivu tupu. Nimezihifadhi zote, hata hiyo.

Sasa nafasi

Vitu viko salama kwenye diski ya nje, ndo sasa naweza kuzungumza habari ya kufuta. Na ata hapa sifuti kwa mkono.

Windows.old imetolewa kwa njia yake: Settings, System, Storage, Temporary files, unatia alama kwenye toleo la zamani la Windows. Hapohapo kuna Downloads kwenye orodha, uangalie sana isiwe na alama manake hizo ni zako sio za mtambo. Nyekundu ikaondoka.

hiberfil.sys ni ya ule usingizi mzito wa kompyuta, hibernate, inachukua kama asilimia 40 ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), sisi tuna giga 8 kwa hiyo ni giga 3 na kitu. Kwetu hakuna anaelaza kompyuta, tunazima. Komandi powercfg /h off, faili inaondoka yenyewe. Inaondoa pia ile Fast Startup, kuwaka kutachelewa kidogo, kwangu mimi afadhali. pagefile.sys nimeiacha, RAM ikijaa ndo pa kukimbilia.

WinSxS, stoo ya sehemu za Windows iliyo ndani ya folda ya Windows, ndo kijana alikuwa akiitaka kwa hamu manake inaonekana kubwa sana. Ukubwa ule si wa kweli wote. Faili nyingi za mle ni zilezile zilizoko System32 na kwengine, faili moja ina majina mawili kwenye diski, na Explorer inaihesabu kila inapoliona jina. Ukitaka ukweli, Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, itakupa ukubwa halisi na itakwambia kama kusafisha kunapendekezwa, kikipendekezwa unaandika komandi ileile lakini mwisho wake uwe /StartComponentCleanup. Kufuta WinSxS kwa mkono ni kuivunja Windows. Windows\Installer hivohivo, zile faili za msi (za kusakinisha) za mle ndo programu zinazitumia siku ya kujirekebisha au kuondolewa.

Kijana akauliza kama kuna folda yoyote basi ambayo unaweza kufuta mwenyewe kwa raha zako. Nikamwambia zile zako, ulizozitengeneza wewe. Akacheka lakini akaandika.

Flashi za watoto

Hili limeingia kwa sababu shangazi alileta flashi ya madrasa akasema ina virusi, ina folda inaitwa System Volume Information. Hiyo si virusi. Windows huiweka kwenye kila flashi inayochomekwa, ndani kuna faili ndogo mbili, IndexerVolumeGuid na WPSettings.dat, ukiifuta itarudi ukichomeka tena.

Lakini flashi yake ilikuwa na ugonjwa wa kweli na hakuuona. Folda zake zote zimegeuka kuwa shotikati, zina kamshale, na kila ukibofya inafunguka kama kawaida, huku inaendesha kirusi kwanza. Huo hupatikana sana saiba, kwenye mashine zinazopokea flashi za kila mtu. Usibofye shotikati. Nikaipitisha kwenye antivirusi, halafu komandi attrib -h -r -s /s /d F:\*.* na folda za kweli zikatokeza, zilikuwa zimefichwa tu, nikafuta zile shotikati. Masomo ya watoto yote yapo.

Kwa hiyo shangazi aliogopa isiyo na madhara na akabofya yenye madhara kila siku, na simlaumu, hakuna aliyewahi kumuonyesha. Nimemuonyesha yeye na mabinti zake, wamejaribu wenyewe kwenye flashi nyengine mpaka wakaweza bila mimi.

Ilipofikia

Karatasi iko ukutani juu ya kompyuta, imeandikwa kwa mkono na mtoto wa ami, majina ya folda zote za C na mstari mmoja kila moja: ya nani, ya nini. Windows.old imeandikwa kwa wino mwekundu, "angalia Users kwanza".

Yaliyobaki. Diski ya nje ni ya jirani, lazima irudi, ami ananunua yetu mwisho wa mwezi inshallah. Kopi ya pili ya picha na sauti za bibi anaichukua shangazi akienda Mombasa, ikae kwake, nyumba mbili miji miwili. CHK chache bado hazijafunguka, hazina JFIF wala PK, nitaziangalia moja moja. Na kuna jambo la Windows 10 yenyewe, apdeti za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na hii mashine haiwezi Windows 11 manake prosesa ni ya zamani na haina TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo nataka kujaribu Linux, mfumo mwengine badala ya Windows, kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nione kama printa ya ami itakubali. Hiyo nitaiandika kivyake nikishaijaribu.